Mchonga Mihuri wa Kadutu

Meza yangu iko penye ngazi za soko,
kati ya muuza sambaza na fundi wa redio.
Kiwembe, soli za kandambili zilizokatika,
kidau cha wino wa zambarau.
Miaka kumi na saba naandika kinyumenyume
ili wakubwa wasomeke sawasawa.

Wa parokia nimeuchonga mimi: msalaba na njiwa.
Wa komine pia: chui, na chini yake HAKI.
Ukigeuza H, A na I, hazibadiliki.
Ni K tu inayotaka uwe macho.

Mwezi wa tatu, mvua ikila kilima,
akaja Nabintu M'Zihindula
na karatasi mbili ndani ya mfuko wa nailoni.
Paroko: parsele ni ya Kanisa, mama asali, ahame.
Bulgumestre: parsele ni ya Serikali, mama alipe, ahame.
Nikasema, basi wanagombana hawa.
"Wanagombana? Jumapili walikuwa Nguba,
wanamenya samaki mmoja."

Nikazisogeza kwenye mwanga, nikajikuta humo:
bawa la njiwa lenye kovu, kiwembe kilipoteleza;
K iliyoinama, siku ile ya homa.
Nilitaka kusema, mama, mimi nakata raba tu.
Lakini ada ya mwanangu ilitoka wapi?

Hakulia. Alivua kandambili ya kushoto,
akaiweka juu ya meza, bado ina tope.
"Nichongee na wangu. Jina lote."
Utaupiga wapi, mama? Nani atausoma?
"Walipopiga wao, nitapiga juu yake."

Nilichonga mpaka fundi wa redio akafunga.
Alipanda kilima mguu mmoja peku.

Jumanne nikapita kwake.
Ukutani, alama nyekundu ya kubomoa,
na juu yake, pembeni, mpaka mkono ulipofika,
zambarau, zambarau, zambarau,
NABINTU M'ZIHINDULA, YUKO.
Hilo neno la mwisho sikuagizwa.

Sijui kama kandambili huzuia nyundo.
Najua leo polisi wa komine amesimama mezani pangu
na kipande cha plasta mkononi,
anauliza kama naujua mkono huu.

Nimemwomba kwanza anionyeshe kitambulisho chake.
Nimeweka kidole kwenye K.
Mkono, nimemwambia, ni huuhuu.