Kutu ya Stesheni

Usiku wa tatu naipaka kutu stesheni
kwa kipanya, pikseli baada ya pikseli:
mabati nayatoboa, rangi naibambua ukutani,
mataruma nayamwagia grisi ya miaka hamsini,
chumvi ya Kilindini naipandisha hadi kwenye saa
iliyogoma nne kasorobo.

Treni yangu ya mchezo yaingia, yapiga honi.
Naona fahari. Pamechakaa kwelikweli.

Mama kasimama nyuma yangu, leso mabegani,
hasemi. Kisha kidole chake chagusa kioo,
jukwaa la kwanza, chini ya benchi:
"Hapa nani kakwambia palikuwa na taka?"

Nikakumbuka.
Mejumaa, zamu ya alfajiri,
fagio la chelewa, ndoo, miaka kumi na tisa,
na treni ya Nairobi haikumkuta hata siku moja
hajamaliza.

Nikafuta. Benchi, sakafu, kizingiti,
hata lile doa la chai nililolihangaikia jana.
"Na huko juu?" nikauliza, penye utando na masizi.

Akacheka.
"Huko acha.
Ngazi waliniahidi tu."