Kikaushio Kilichoomba Maji

Göteborg, Novemba, saa tisa usiku.
Kikaushio namba mbili kimeomba maji,
lita kumi na nane, kwa adabu zote,
na bomba, lisilojua kukataa, likampa.
Chumba cha kufulia kikawa kidimbwi,
soksi za Gunvor zikaelea hadi mlangoni.

Nani kakifundisha? Nimefungua msimbo.
Kifuani mwake neno hilo halimo.
Nikapanda ngazi moja: mzazi wake
ni Mashine ya Kufulia. Ndiye mwenye neno.
Hampus aliona zinafanana,
mlango wa duara, tumbo linalozunguka,
akaandika *rithi*, akaenda likizo.

Ndivyo JavaScript ilivyo. Kitu kikiulizwa neno
kisilo nalo, hakikiri upesi:
humuuliza mzazi, naye humuuliza wake,
hodi, hodi, mpaka mlango wa mwisho
usio na mtu ndani.
Hapo tu ndipo husema: silijui.

Mtoto wa nyoka ni nyoka, sawa.
Lakini huyu hakuwa mtoto.
Alikuwa jirani wa kufanana sura.

Nikaikata nasaba. Nikaandika stadi pembeni,
zisizo na baba wala babu:
kuzunguka, kupasha joto, kufunga mlango,
kila mashine nikaivisha za kuitosha.
Saa kumi nilijiona fundi.
Saa kumi na robo kikaushio hakikusimama.
Kuzunguka kulikuja na *simama* yake,
joto nalo likaja na *simama* yake,
iliyovaliwa mwisho ikaifunika ya kwanza
bila ugomvi, bila hata kikohozi.
Moto ulizima. Tumbo likazidi kuzunguka.
Nguo ya kuazima, waliosema walijua.

Basi joto nikalipa *poa*,
mzunguko nikaupa *tulia*,
nikaketi juu ya ndoo, miguu imelowa.

Börje, baba yangu wa kambo,
hakuniachia pua wala jina.
Aliniachia kukunja shuka:
ncha kwa ncha, kung'uta, sogea, tena.
Nipandishe ngazi kwa ngazi, hutamkuta.

Alfajiri Gunvor akashuka.
Hakusalimu. Alikamua shuka lake,
akashika ncha mbili, akanipa mbili.
Nikakung'uta. Nikasogea.
"Umefundishwa na nani wewe?"
Nikatafuta jibu juu, na juu yake,
wakati mikono inaendelea kukunja.

Shuka likawa mraba.
"Soksi," akasema, "utalipa."