Mfuko wa Kumi na Moja

Jinzi ya Aureliano, iliyochoka magotini,
Rosalba ameipasua. Cherehani inakohoa;
kwenye pindo nene sindano imekatika mara mbili.

Vijifuko vyembamba, kila kimoja na krayoni yake,
daftari nyuma, kifungo mbele.
Ukiukunja mkoba, unaingia kwapani.

Amehesabu vibaya: krayoni kumi,
mifuko kumi na mmoja.
Hana uzi wa kufumua na kushona upya.

Kesho basi la Coyhaique, masaa saba ya changarawe,
kisha benchi, mguu wa Nahuel upigwe picha,
na Nahuel hajui kukaa.

Usiku, nyumbani, anaukunjua.
Mfuko mtupu umevimba: kipande cha bendeji,
kimechorwa kondoo mwekundu
mwenye miguu sita.

“Miwili ya akiba,”
anasema Nahuel, nusu usingizini.