Zamu Yangu ya Kunywa

Miaka saba Kalunde alikunywa peke yake.
Mizizi ya Ipuli, magome ya Sikonge,
unga mweusi uliofungwa kwenye gazeti la michezo,
na kitu fulani cha Kaliua kilichonuka kwato.
Mama alisimama mlangoni kuhakikisha amemeza.
Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, nakula.

Hakuna aliyesema: Lusangija, na wewe shika kikombe.
Mkulima hapimwi, walisema,
linalopimwa ni shamba.

Mwezi wa sita akaweka nauli mezani,
elfu kumi na mbili, bila neno.
Noti zilinuka vitunguu.
Nikajua zimetoka kwenye genge lake.

Kitete walinipa kikopo chenye kifuniko chekundu
na chumba kisicho na komeo.
Nje, muuza karanga alikuwa anagombania chenji.
Sitaki kusimulia zaidi.
Kijana wa maabara, Sizya, mpwa wa jirani yetu
(Tabora ni ndogo kuliko inavyoonekana kwenye ramani),
aliinamia hadubini muda mrefu
kama mtu anayetafuta sindano aliyoiangusha mwenyewe.
"Wapo," akasema. "Ila wachache.
Na wengi wanazunguka pale pale."

Wanazunguka pale pale.
Nilipanda baiskeli na maneno hayo mpaka Ng'ambo,
nikapita nyumba yangu, nikageuza,
nikaipita tena.

Bi Nyanzobe wa sokoni hakuuliza jina.
Aliuliza, "Dawa ya kwako au ya rafiki?"
Wanaume wote wa mji huu wana rafiki.
Nikasema yangu.
Akaacha kupunga nzi.
Akanikatia gome la mlungulungu,
lenye vinundu vya miiba kama chuchu za mbuzi,
na mzizi wa mulundalunda,
na mwingine ambao alikataa kuutaja.
"Chemsha mpaka maji yawe kama chai ya msibani.
Unywe alfajiri, kabla hujasema na mtu.
Na mimi si Mungu, baba. Wala si hospitali.
Elfu tatu."

Uchungu wake hauishii ulimini.
Unashuka, unakaa, unavua viatu.
Siku ya kwanza nilitoa machozi jikoni
kama mtoto wa zamani aliyesagiwa klorokwini.
Kalunde hakucheka.
Akachukua asali ya nyuki wadogo,
akanidondoshea kijiko kimoja, akakoroga.
"Wangu," akasema, "haukuwa na asali."

Nilitaka kujibu.
Nikakumbuka masharti: kabla hujasema na mtu.
Nikashukuru kuwa na sharti.

Mwezi wa tisa nikarudi Kitete.
Namba ilikuwa imepanda, si sana,
kama maji ya kisima baada ya mvua moja.
"Ni mizizi?" nikauliza.
Sizya akakuna kidevu.
"Mara ya kwanza ulisema unakausha tumbaku,
msimu mzima mapaja yako mbele ya tanuri.
Nikakwambia uache. Umeacha?"
Nimeacha.
"Basi labda ni moto uliouacha. Labda ni mizizi.
Labda siku ile ulikuwa na homa.
Mizizi yako mimi sijaipima, kaka."
Nilipompelekea Bi Nyanzobe habari hizo
alicheka mpaka akashika mbavu.
"Angalau yeye anajua kwamba hajui.
Leta elfu tatu."

Sina mtoto wa kuwaonyesha.
Nina karatasi mbili zenye namba,
sufuria iliyogoma kusafishika,
na mke ambaye hanywi tena chochote cha uchungu
isipokuwa kahawa, kwa hiari yake.

Jana mama alifika na basi la Urambo, mapema mno.
Akasimama mlangoni, mahali pake pa siku zote,
akakuta kikombe kiko mikononi mwangu.
Akakitazama. Akanitazama.
Akamtazama Kalunde,
aliyekuwa amekaa pale pale,
anakula.