Matone Matatu

Jumanne, Huddersfield, chumba cha bendi nyuma ya kanisa.
Pistoni ya pili imekwama tena
katikati ya noti, kama jina lililonitoka.

Enid Sugden, miaka arobaini akipuliza tuba,
anainua kichupa changu kwenye taa:
Mepesi mno haya.
Tarumbeta lako limezeeka, shaba imelika,
mafuta mepesi yanapita tu, mgeni asiyevua viatu.
Tia mazito.

Matone matatu. Nazungusha pistoni mpaka isikike kli.
Na grisi ya mrija ni ya mrija, usinichanganyie,
anasema, akifuta vidole kwenye sketi.

Nabonyeza.
Inashuka, inapanda, kimya.

Nami msimu mzima nilidhani
ni pumzi yangu iliyopungua.