Jiwe Namba 112

Kwenye maktaba ya Kirkwall kitabu kina rangi ya chai iliyopoa.
Walikipiga taipu kaka na dada, ukoo wa Mowat,
viangazi sita wakipiga magoti makaburini
na brashi, ndoo ya maji, na kioo cha kunyolea
cha kulilazimisha jua lipite ubavuni mwa herufi.
Sasa mawe mengine yamelainika mithili ya sabuni,
kitabu ndicho kinachokumbuka.

Nimetoka Saskatoon na jina moja mfukoni: Jessie Linklater.
Nikashusha kidole kwenye L. Nikakipandisha.
Akina Linklater ishirini na tisa, wavuvi, waashi, mmoja fundi saa;
Jessie hayumo.
Siku mbili nzima, kama apapasaye miwani iliyo usoni.

Bi. Thora, mkutubi, aliweka kalamu chini:
"Huku kwetu mke huazima jina la mume akiwa hai.
Kaburini hulirudia la babaye."

La babaye silijui.
Basi nikaanza A, nikawasoma wafu wote wa parokia
mpaka F, saa kumi jioni, mvua ikigonga dirisha:

*Foubister, Jessie, mke wa James Linklater,
na watoto wao wanne. Safu ya saba, jiwe 112.
Mstari wa mwisho umezama. Hatukuchimba.*

Nililipenda neno hilo, hatukuchimba.
Hata udadisi una adabu zake.

Mimi sina. Asubuhi nilipiga magoti kwenye nyasi mbichi,
nikapenyeza vidole kati ya jiwe na udongo,
nikasoma kipofu: H. Kisha U. Kisha G, baridi kama ufunguo.
Hugh. Amepotea Kanada.

Hugh, babu yangu,
aliyelima ngano miaka hamsini,
akanifundisha kupiga mluzi, akafa na meno yake yote,
na kwao hakuandika barua hata moja.
Huku babaye alimlipa mchongaji, herufi kwa herufi,
amzike mtu aliye hai.

Nilirudi na udongo kwenye kucha. Bi. Thora hakuuliza.
Alinisogezea ukurasa ule, na penseli,
akagusa ukingo mweupe.

Penseli ilikuwa butu.
Nikaomba kwanza kichongeo.