Chumvi, Tena

Siku tatu baba kamlowesha jongoo bahari
kwenye beseni la kufulia,
akibadili maji alfajiri, kama mama yake kule Kantoni.
Mama, Mdigo wa Mwambani, alishaapa:
sufuria yangu, hapana.
Akamnunulia yake.

Leo tangawizi imekatwa nyembamba kama ukucha wa mtoto,
miguu ya kuku imelainika,
mimi na Siti Fong tunagombea kidole cha mwisho,
vifupa tunatemea gazetini.

Hodi! Bi Mwanakweli.
Chumvi, tena.
Chumbageni nzima haina duka?
Anachungulia: "Astaghfirullah, mnakula hicho?"
Bakuli alilokuja nalo
si la chumvi.

Mama anasogea jamvini.
"Kaa. Ila huyo mnene ni wangu."